Miguu Yangu Iliponisuta

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua kurasa za michezo ama hujaitwa jikoni kuangalia chapati, hebu nikuulize jambo. Je, katika nyumba yenu kuna mtoto aliyewahi kukujia akakwambia, "Miguu inaniuma," nawe ukamjibu kwamba asikuletee uvivu? Usione haya kuitikia. Mimi nilimjibu hivyo binti yangu, na si mara moja. Ilinichukua karibu miaka miwili, na maumivu ya miguu yangu mwenyewe, kujua nilichokuwa nimemfanyia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Buruburu hapa Nairobi, na kazi yangu ni ya kuketi. Kutwa nzima ninapiga hesabu katika ofisi moja kule Industrial Area, jioni ninapanda matatu na kuketi tena saa nzima kwenye msongamano, kisha ninafika nyumbani na kulikalia kochi. Mwezi wa Desemba 2024 nilikwenda zahanati kwa sababu ya kikohozi tu. Muuguzi akanifunga ule mkanda wa kupimia presha mkononi. Akapima, akanyamaza, akapima tena. 148 kwa 94. Alinitazama kama mtu aliyeona nyoka nyuma yangu. Baba yangu mzazi alifariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 58, nami wakati huo nilikuwa na miaka 43, kwa hivyo sikuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Daktari aliniambia mengi, kuhusu chumvi, kuhusu mafuta, kuhusu vidonge ambavyo ningeanzishiwa presha isiposhuka. Lililoniingia ni moja: kwamba mtu mzima anatakiwa apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. "Anza kwa kutembea," alinishauri. Alisema kutembea, msomaji. Hilo la kukimbia nilijiongezea mwenyewe.

Na kwa nini nisikimbie? Kwani mimi si Mkenya? Miezi minne tu kabla ya siku hiyo, Agosti 2024, tulikuwa tumekesha sebuleni tukitazama Olimpiki ya Paris. Beatrice Chebet alishinda mbio za mita 5,000, na siku chache baadaye akarudi akashinda mita 10,000. Faith Kipyegon naye akanyakua dhahabu ya mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo. Nyumba yetu ilitetemeka kwa vifijo. Neema, kifunguamimba wangu, alikuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwa kidato cha tatu. Hapo awali alikuwa akikimbia katika timu ya shule yake ya bweni, mbio za nyika, na alikuwa hodari, lakini mwaka wa 2023 akiwa kidato cha pili aliacha ghafla. Nami katika ile furaha ya dhahabu nikamgeukia nikamwambia mbele ya wadogo zake, "Wenzako hao! Wewe miguu unayo, mapafu unayo. Moyo ndio huna."

Neema hakujibu. Aliinuka, akachukua kikombe chake, akaenda kulala. Nikadhani amesinzia.

Basi nikaanza kukimbia tarehe 2 Januari 2025. Nilikuwa nimekwenda Gikomba nikanunua raba kwa shilingi 1,200, raba nzuri za rangi ya waridi. Niliangalia rangi, sikuangalia soli. Soli zilikuwa zimeliwa upande mmoja na mwenyewe wa kwanza huko ng'ambo, na sponji ya ndani ilikuwa imelala kama godoro la mgonjwa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka langoni, nikashika lami ya Mumias South Road. Jirani yetu mmoja, ambaye nitamwita Baba Brayo ili nisimwaibishe, alikuwa anaosha gari. Akaangua kicheko, kisha akaniinulia kidole gumba. "Kimbia, Mama Neema! Mkenya gani asiyejua kukimbia?"

Juma la kwanza sikufika hata mzunguko wa pili. Nilihema kama mbwa aliyefukuzwa buchani. Juma la tatu nilikuwa ninakimbia kilomita tatu bila kusimama. Kufikia juma la tano nilikuwa na kilomita tano, kila siku isipokuwa Jumapili, na nilijiona msichana. Ngazi za ofisini nilizipanda huku nikiongea. Usingizi ukawa mtamu. Wenzangu ofisini wakaniandikisha katika kikundi chao cha kilomita 10 kwa mbio za Nairobi, zile zilizoanzishwa mwaka wa 2003 na ambazo huja mwishoni mwa mwaka, Oktoba. Nikaanza kuwapa watu mawaidha. Unajua vile mtu aliyeanza jambo jana anavyoweza kuwa mwalimu wa jambo hilo leo.

Maumivu yalikuja katikati ya Februari, nayo yalikuja kwa adabu. Mwanzoni ilikuwa baada ya kukimbia tu, uchungu mdogo kwenye muundi wa mguu wa kulia, ule mfupa wa mbele kati ya goti na kifundo, ule ule unaogonga meza usiku stima ikipotea. Haukuwa mbele hasa, ila upande wa ndani, sehemu ya chini, pale nyama ya shavu la mguu inapokutana na mfupa. Nilioga maji moto, ukaisha. Juma lililofuata ukawa unanipokea mara tu ninapotoka langoni, kisha nikipata joto unapungua, nami nikadhani hiyo ni dalili njema. Nikajikaza kisabuni. Juma jingine haukupungua tena, na mguu wa kushoto nao ukaanza kumuiga mwenzake. Mwezi wa Machi ulipofika nilikuwa ninaona cha mtema kuni nikishuka ngazi za ofisini, zile zile nilizokuwa ninazipanda nikiongea.

Sasa utaniuliza, mbona hukuacha? Niache vipi? Nilikwisha kutangaza. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya ofisi. Tena, na hili sikulikiri kwa mtu yeyote, nilikuwa nimekwisha kumwambia mtu mwingine kwamba hana moyo. Kwa hivyo nikawa ninameza dawa za kutuliza maumivu, zile ambazo dukani huuziwi kwa cheti, kabla ya kutoka alfajiri. Laiti ningalijua! Dawa nyingi za jamii ile, diklofenaki na ibuprofeni na ndugu zao, zinaweza kupandisha presha, hasa zikitumiwa mfululizo. Nilikuwa ninakimbia ili nishushe presha, huku ninameza cha kuipandisha, na wakati uo huo ninaziba mdomo wa mguu uliokuwa unajaribu kunieleza jambo.

Shule zilifungwa wiki ya kwanza ya Aprili, Neema akaja nyumbani, sasa akiwa kidato cha nne. Siku ya pili alikuwa amesimama chini ya ngazi za jengo letu akinitazama nikishuka. Nilikuwa ninashuka upande upande, kama kaa wa Mombasa.

"Mama, unaumwa?"

"Ni uchovu tu."

Aliniketisha kwenye ngazi, akapiga magoti, akapandisha suruali yangu. Kisha akaanza kubonyeza muundi kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu, polepole, kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli.

"Ni hapa?"

"Ndiyo."

"Na hapa pia?"

"Ndiyo. Pole pole, mama." Nimezoea kumwita hivyo, kwa sababu amepewa jina la mama yangu mzazi.

"Kwa hivyo ni sehemu ndefu, kama kiganja. Si nukta moja?"

"Ni sehemu ndefu. Haya umeyasomea wapi?"

Alirudisha suruali yangu chini, akaikunjua vizuri. "Yangu ilianza hivyo hivyo," akasema.

Nikamuuliza halafu ikawaje.

"Halafu ikawa nukta moja."

Msomaji, alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenifokea ningepata la kumjibu. Pale kwenye ngazi nilikumbuka simu aliyonipigia mwaka wa 2023, siku ya Jumamosi, kwa simu ya mlezi wa bweni, akiniambia kwamba miguu inamuuma hadi usiku. Nilikuwa sokoni, nimeshika mzigo. Nikamwambia kila anayekimbia huumwa, avumilie. Nikakumbuka pia siku ya wazazi ya muhula uo huo, nilipozungumza na mwalimu wake wa michezo. Mwalimu aliniuliza kama angempumzisha kidogo. Nami, mama mzazi, nikajibu kwa sauti ya kujivunia, "Msimdekeze huyu." Alikimbia majuma mengine matatu. Kisha akaacha mwenyewe, akaitwa mvivu shuleni, akaja nyumbani akaitwa mvivu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekitandika kitanda hicho, nikamwamuru mtoto alale.

Juma hilo hilo tulikwenda pamoja katika hospitali moja ya umma kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo, mama wa makamo mwenye mikono migumu na maneno machache. Alinibonyeza vile vile kama Neema alivyofanya. Akanisimamisha kwa mguu mmoja na kuniambia niinue kisigino mara nyingi nitakavyoweza, nikafika tisa. Akachukua raba zangu za Gikomba, akazikunja katikati kama chapati, akazirudisha chini bila kusema neno.

Alinieleza hivi. Mtu mzima akianza kukimbia, moyo na mapafu ni wanafunzi wepesi. Katika majuma manne au matano vimekwisha kuelewa somo. Misuli hufuata. Mfupa ndio mwanafunzi mzito, lakini ukishaelewa hausahau upesi. Mfupa ukipata kishindo kipya hujijenga upya ili uwe imara, ila haujengi juu ya ule wa zamani hivi hivi tu. Kwanza mwili huondoa chembechembe za mfupa uliochoka, kazi ya majuma mawili matatu, ndipo uanze kuweka mpya, na kazi hiyo ya pili huchukua miezi. "Ni kama fundi aliyebomoa ukuta ili ajenge mwingine," alisema. "Katikati hapo, nyumba ina upande mmoja usio na ukuta. Wewe ndipo ulipoongeza kilomita."

Wataalamu, alisema, bado wanajadiliana kuhusu kinachouma hasa, iwapo ni mfupa wenyewe au ule utando unaoufunika, unaovutwa na misuli ya shavu la mguu. Hata hivyo wanakubaliana kuhusu nani hupatwa: wanaoanza, wanaoongeza haraka, wanajeshi wapya kambini, na wanawake na wasichana zaidi ya wanaume. Maumivu yakiwa yametandaa kama yangu, mara nyingi hupoa bila ya kupasuliwa wala kufungwa plasta. Yakikusanyika mahali padogo unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yakikuamsha usiku, yakiuma hata umeketi, ama ukishindwa kuruka kwa mguu ule, hapo inawezekana mfupa umepata ufa, na huo haupimwi kwa kuvumilia. Tena picha ya eksirei ya siku za kwanza inaweza isionyeshe chochote. Na kama mguu unakaza na kufa ganzi kila unapokimbia, hilo nalo ni jambo jingine la kumwona daktari.

Aliposema habari ya nukta moja, nilimtazama Neema. Naye mtaalamu akaliona tazamo hilo. Akamuuliza aketi, akamuuliza ilikuwaje.

Neema akaeleza. Walikuwa wanaamka saa kumi na nusu, wanakimbia, wanarudi kwenye maandalio ya asubuhi. Alikuwa anakunywa uji ama chai tu hadi saa nne. Wasichana wakubwa walikuwa wamemwambia mwepesi ndiye anayeshinda, kwa hivyo ugali wa jioni alikuwa anampa mwenzake nusu. Mtaalamu akamuuliza kwa upole kuhusu siku zake za mwezi. Neema akainama. Zilikuwa zimekoma, akasema, kama miezi mitano. Zilirudi baada ya yeye kuacha kukimbia.

Miezi mitano. Mimi ndiye niliyekuwa ninamnunulia sodo kila muhula, na sikuwahi kujiuliza kwa nini anarudi nazo.

Yule mama hakunilaumu. Alitueleza tu kwamba msichana anayekimbia sana na kula kidogo, mwili wake huanza kubana matumizi, na moja ya mambo ya kwanza kuzimwa ni hizo siku. Homoni inayozileta ndiyo pia inayolinda mifupa, kwa hivyo mfupa nao hudhoofika, tena katika miaka ile ile ambayo ungekuwa unajiwekea akiba ya maisha yote. Msichana anayefanya mazoezi akipitisha miezi mitatu bila kuziona anatakiwa apelekwe kwa daktari, hata kama anashinda medali. Kama Neema alikuwa na ufa mwaka ule, hakuna anayeweza kusema kwa hakika sasa. Alimpima, mguu ukawa hauna neno. Alimwandikia barua ya kipimo cha damu na akamwambia ale ugali wake mwenyewe.

Kuhusu mimi, dawa ilikuwa ya kuchosha kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Majuma mawili nisikimbie hata kidogo, lakini nisilale kitandani pia. Nitembee, mradi kutembea hakuumi. Dawa za kutuliza maumivu nikaziacha. Jioni nilikuwa ninagandisha maji katika chupa, ninaifunga kwa kitambaa, ninaibingirisha juu ya muundi kwa dakika 15. Barafu hiyo haiponyeshi, inatuliza tu, nami nilishukuru kwa kutulizwa. Kila siku nilisimama kwenye ngazi ya chini ya jengo letu nikiinua visigino, mara 15, nikipumzika, mara 15 tena, mara 15 tena. Kwanza kwa magoti yaliyonyooka, kisha kwa magoti yaliyopinda kidogo, kwa sababu upindapo goti kazi huenda kwa ule msuli wa ndani zaidi unaoshikana na muundi. Halafu nikiegemea ukuta, nainua vidole vya miguu huku visigino vikibaki chini. Watoto wa majirani walidhani ninacheza mchezo, wakapanga mstari kando yangu. Baba Brayo alipita akauliza, "Mbona siku hizi hukimbii, unapandisha bendera?"

Huyo nilimjibu. Nilimwambia hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka wa 2019, mazoezi yake mengi kule Kaptagat huyafanya kwenye barabara za udongo, na siku za mapumziko hukimbia mwendo wa pole ambao pengine hata sisi wa Buruburu tungeufuata kwa dakika chache. Hilo la dakika chache nilitia chumvi. Lakini ni kweli kwamba ukienda Iten alfajiri utawaona mabingwa wakianza kama wazee wanaokwenda mazishini. Sisi tunaowatazama kwenye runinga huona mita 400 za mwisho, tukadhani hizo ndizo mbio.

Juma la tano, nilipoweza kutembea nusu saa kwa kasi na kuruka mguu mmoja bila kukunja uso, niliruhusiwa kuanza tena. Kukimbia dakika moja, kutembea mbili, mara nane. Siku tatu kwa wiki, na siku mbili zisifuatane. Nilikuwa nimebadilisha raba, hizi nikanunua baada ya kuzipindua na kuzikunja mbele ya mwenye kibanda mpaka akachukia. Nikaacha lami kwa muda, nikaomba ruhusa kukimbia kwenye nyasi za uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani. Na hatua nilizifupisha. Hapo zamani nilikuwa nikirusha mguu mbele kama ninavuka mtaro, kisigino kinapiga chini, mfupa unapokea. Hatua fupi za haraka hupunguza kishindo hicho. Ninafanana na mtu aliyebeba mtungi, lakini siumii.

Kanuni niliyopewa ni ya namba. Maumivu niyape alama kutoka sifuri hadi kumi. Yakiwa hayazidi tatu wakati wa kukimbia, na asubuhi ya pili yawe yameisha, niendelee. Nikiamka nayo, nirudi nyuma hatua moja bila kubishana. Nilirudi nyuma mara mbili. Mara ya kwanza nililia bafuni, nikiwa na maji wazi ili watoto wasisikie. Sikuwa ninalia kwa uchungu wa mguu. Nililia kwa sababu nilikuwa na mtu wa kuniambia rudi nyuma, naye Neema alikuwa na mimi.

Nilimwomba msamaha, ndiyo. Ilikuwa kabla hajarudi shule mwezi wa Aprili, jikoni, tukikata sukuma wiki. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema machache, tena vibaya. Akasema, "Ni sawa, Mama." Wazazi wenye watoto wa umri huo mnajua kuna "sawa" ya aina mbili, na mnaijua ile niliyopewa. Sikuilalamikia. Ofisini niliwaambia wenzangu wanifute katika orodha ya Oktoba, kwamba miundi yangu haitakuwa tayari. Kuna aliyecheka. Nikashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kulitamka baada ya kuliogopa miezi yote ile.

Presha nilipima tena mwanzoni mwa Agosti: 132 kwa 84. Muuguzi akauliza kama ninakimbia. Nikamwambia ninatembea zaidi, na kukimbia kidogo.

Likizo ya Agosti Neema mwenyewe ndiye aliyesema twende Karura. Tulipanda matatu mbili, tukalipa kiingilio, tukaingia msituni kwenye zile njia za udongo mwekundu zenye kivuli, ambako sokoni pako na kelele za mji husahaulika kabisa. Nilikuwa nimefikia dakika 20 bila kusimama. Tuliondoka pamoja. Baada ya muda miguu yake ikamkumbuka, akanipita, na kwa mara ya kwanza tangu 2023 nikamwona mwanangu akikimbia, mgongo umenyooka, shingo imetulia, visigino vikigusa ardhi kama havitaki kuichafua. Sikumwita. Alipotelea kwenye kona ya mianzi.

Nilipofika kwenye kona hiyo nilimkuta amesimama kando ya njia, ameinama, anajisugua muundi wa kushoto.

"Kidogo tu," akasema upesi. "Ni mbili, labda. Naweza kuendelea."

"Mahali pamoja?"

Akabonyeza. Akafikiri. "Hapana. Pametandaa. Lakini naisikia."

Kulikuwa kumebaki kama kilomita mbili kufika langoni. Nikaifungua chupa ya maji nikampa anywe kwanza, nikatoa lile yai la kuchemsha na mkate tuliokuwa tumefunga. Waliotukimbilia kwa nyuma wakatupita, mmoja akatuhimiza kwa kupiga makofi, "Kazaneni, kazaneni!" Neema akanitazama kuona nitasema nini.

Tulitembea hadi langoni.